Mwanamke Asiye na Kisigino

Jumamosi huwa nafundisha watoto kuchora, hapa Nkuhungu, Dodoma, chini ya mwarobaini. Siku moja niliwaambia wasichana wachore mwanamke mrembo, yeyote wamtakaye. Nilitegemea shingo ya twiga na nywele zilizolala mpaka kiunoni, navyo vilikuja. Miguu ndiyo sikuitegemea. Katika karatasi tisa kati ya kumi na mbili, mwanamke alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, visigino viko hewani, na hajavaa kiatu.

Jibu nililikuta kwenye meza za soko la Sabasaba. Midoli ya plastiki inayouzwa pale, mingi ikiwa ni nakala za bei rahisi za Barbie, imefinyangwa miguu hivyo ili iingie kwenye kiatu kirefu. Barbie mwenyewe alipotoka Marekani mwaka 1959 alikuwa ameshasimama vile. Hakuna aliyemwambia mtoto kwamba urembo unaanzia kwenye vidole. Amelala na kitu hicho miaka mitatu, minne, na mkono umeshakijua.

Basi tulinunua mmoja, tukampima kwa futi ya fundi cherehani. Urefu sentimita 29, kiuno 8 na nusu. Tukamkuza kwa rangi juu ya maboksi yaliyopasuliwa mpaka akafika sentimita 160, kila kipimo kikipanda kwa uwiano uleule. Kiuno kikatoka sentimita 47. Watoto wakataka kunipima kichwa. Kilikuwa na 56.

Mwaka 1996 watafiti wa Australia walipiga hesabu ya aina hii kitaalamu. Wakaona kwamba uwezekano wa kumpata mwanamke mwenye umbo la Barbie haufiki mmoja kati ya laki moja. Ken, mwanamume wake, ni mmoja kati ya hamsini. Hapa ndipo ninapokwama kila mara. Sensa ya 2022 iliuhesabia mkoa wa Dodoma watu milioni 3 na kidogo. Chukua wanawake wote, milioni moja na nusu na ushee, kuanzia bibi wa Mpwapwa hadi kichanga kilichozaliwa leo Makole: wenye umbo hilo hawazidi kumi na sita. Coaster haijajaa, kondakta bado anaita. Najua waliopimwa hawakuwa Wagogo wala Warangi, na namba haihamishwi hivi kirahisi. Lakini mtazame Ken. Panda basi la kwenda Singida, yumo, pengine amekaa dirishani. Mvulana anapewa mfano wa mtu anayeweza kukutana naye. Dada yake anapewa mtu asiyekuwepo.

Wanaotetea midoli wana hoja, na hoja kali kuliko zote nilipewa na mama mmoja aliyekuja kumchukua binti yake. "Mwalimu, mimi nimekua na mdoli wa gunzi. Mbona sijawa gunzi?" Nilicheka mpaka nikakaa. Ni kweli pia kwamba mafundi cherehani wengi walianza kwa kumshonea mdoli gauni la vipande, na kwamba mtoto anayeongea na mdoli anajifunza kuongea. Kampuni ya Barbie nayo ilileta Barbie aliyeitwa mweusi mwaka 1980, na mwaka 2016 ikaongeza maumbo matatu: mrefu, mfupi na mnene kidogo. Hao wa maumbo sijawaona Sabasaba.

Ila gunzi halikuwa na sura. Ulivunja hindi bichi (na ukachapwa, maana mvua ya Dodoma si ya kuchezea), ukasuka zile ndevu zake, leo njano, kesho nyekundu, likinyauka unatafuta jingine. Uzuri ulikuwa kwenye vidole vyako, na kila mtoto alisuka wake. Mdoli wa plastiki anakuja ameshamalizwa. Kilichobaki kwako ni kumfikia.

Mchoraji mwenzangu alinipinga kwa Kolo. Michoro ya miambani ya huko Kolo, Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina watu wembamba kama fito, warefu kupita kiasi, wengine na vichwa vilivyotuna. Sanaa hutia chumvi, akasema, na hatujasikia Mrangi aliyejinyima ugali kwa ajili ya mwamba. Sawa. Lakini mwamba unaupandia, unautazama, unashuka. Hauwekwi kitandani na mtoto wa miaka minne, wala hauuziwi kiatu.

Lile bango la maboksi nilimwonyesha mama wa gunzi. Alilizunguka, akainama kwenye miguu. "Huyu ndoo ya maji atabebaje?" Tulijaribu kulisimamisha bila kuliegemeza kwenye mti, likaanguka kifudifudi mavumbini. Akacheka sana. Alipokuwa anaondoka akaniuliza yule mdoli tuliyempima tumemweka wapi, maana binti yake anamlilia.