Jina la Marekani, Mtutu wa Uturuki

Mwindaji wa Marekani akinunua shotigani (bunduki inayorusha punje nyingi ndogo kwa mpigo mmoja) ya chapa ya Kimarekani ya Winchester, modeli ya SXP, kisha akasoma maandishi madogo yaliyochongwa kwenye chuma, atakuta kwamba imetengenezwa Uturuki. Hali ni hiyohiyo kwa SA-08 ya Weatherby, kampuni nyingine ya Marekani. CZ nayo, kampuni yenye asili ya Chekia, imewauzia Wamarekani bunduki za mitutu miwili zilizoundwa Huğlu, mji mdogo wa mkoa wa Konya ambao mafundi wake waliunda ushirika mwaka 1962.

Wanaozikataa bunduki hizi za Uturuki husema kwamba wameuziwa jina tu, kwa kuwa sifa ya chapa ilijengwa na bunduki nyingine, zilizotoka viwanda vingine. Lalamiko hilo lina uzito, ingawa hakuna kilichofichwa: sheria ya Marekani inataka bunduki iliyoagizwa kutoka nje iwe na alama ya mtengenezaji, ya nchi ilikotoka na ya mwagizaji. Tatizo ni kwamba watu wengi husoma nembo na kuishia hapo. Chapa ya Stoeger, kwa mfano, imeuza shotigani ya M3000 kutoka Uturuki na ya Condor kutoka Brazili chini ya jina moja, kwa hiyo anayesema “Stoeger ni nzuri” au “ni mbovu” hajasema kitu bado.

Kuhusu ubora, wanaozitetea wana hoja nzito kuliko bei nafuu tu. Mbao za mjozi wa Uturuki hutafutwa hata na mafundi wa bunduki za gharama kubwa. Aidha, M3000 hutumia msukumo wa kurudi nyuma wa bunduki yenyewe kujipakia, mfumo uleule ulioipa kampuni ya Kiitaliano ya Benelli umaarufu, na Stoeger na Benelli zote zimo katika kundi la Beretta, pia la Italia. Wapo wanaolaumu Uturuki pale bunduki ya namna hii inaposhindwa kutoa ganda la risasi nyepesi, yaani yenye msukumo mdogo, ilhali udhaifu huo ni wa mfumo unaotegemea msukumo huo, na hata bunduki ya Kiitaliano inaweza kuuonyesha.

Kinachotenganisha pande mbili hizi, naona, ni idadi ya risasi. Mwindaji anayemaliza maboksi manne ya risasi 25 kwa msimu amefyatua mara 100. Mlenga shabaha za udongo, yaani visahani vinavyorushwa hewani, hufyatua 100 kwa siku moja ya mashindano, na akifanya hivyo kila wiki anapita 5,000 kwa mwaka. Springi au pini ambayo mwindaji huyo angeirithisha wajukuu, mlenga shabaha anaweza kuimaliza kabla ya mwaka kwisha.

Hapo ndipo suala la vipuri linapokuja, nalo halitegemei ukubwa wa jina. Smith & Wesson, jina kubwa kuliko mengi, iliuza shotigani za Uturuki katika muongo wa 2000, kisha ikaachana nazo baada ya miaka michache. Mwagizaji akibadilisha kiwanda, au akiacha biashara hiyo, mwenye bunduki hubaki na nembo tu.

Kwa hiyo, kati ya Stoeger ya Uturuki, ambayo wenye chapa wana kiwanda chao, na bunduki ya bei ileile kutoka kwa mwagizaji anayebadilisha watengenezaji, ningechukua Stoeger hata kama ile nyingine ina mbao nzuri zaidi. Ingekuwa ni ya kulenga shabaha kila wiki, ningeweka akiba hadi nipate Beretta iliyokwishatumika.