Obra Dinn: gharama ya rangi mbili

Katika mijadala ya gemu za kujitegemea, hoja moja haikosekani: uhaba huzaa sanaa. Asiye na timu wala pesa hujibana, na kwa kujibana hupata mtindo ambao kampuni kubwa haziwezi kuubuni. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni Return of the Obra Dinn, gemu ya Lucas Pope iliyotoka Oktoba 2018. Naipenda sana gemu hiyo, lakini nadhani kama ushahidi wa hoja hiyo inatumika vibaya.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1802 merikebu ya biashara, Obra Dinn, inang'oa nanga London kuelekea Mashariki, ikiwa na shehena ya zaidi ya tani 200. Miezi sita inapita bila kufika Rasi ya Tumaini Jema, basi inahesabiwa kuwa imepotea. Oktoba 1807 inaonekana ikielea yenyewe kwenye bandari ya Falmouth, Uingereza, matanga yameharibika na sitahani hakuna mtu. Mchezaji ni mkaguzi wa bima wa Kampuni ya East India, kampuni ya Kiingereza ya biashara ya Mashariki. Anapewa daftari lenye orodha ya watu 60 na saa ya mfukoni. Akiifungua saa hiyo mbele ya maiti, anasikia sekunde za mwisho za marehemu, kisha anaingia ndani ya tukio la kifo likiwa limeganda: moshi wa bunduki haujatawanyika, mtu yuko hewani anaanguka. Kazi ni kuandika huyu ni nani, amekufaje na amekufa kwa mkono wa nani. Daftari halithibitishi jibu hadi upatie watu watatu, kwa hiyo kubahatisha hakukufikishi mbali.

Yote yamechorwa kwa rangi mbili tu, ya giza na ya mwanga, kwa mtindo wa kompyuta za Macintosh za miaka ya 1980. Ukiambiwa hivyo unadhani jamaa alitafuta njia ya mkato. La hasha.

Pasipokuwa na kijivu, kivuli hutengenezwa kwa nukta: zikisongamana panakuwa giza, zikitawanyika panakuwa na nuru. Kwenye picha iliyotulia hakuna shida. Lakini gemu hii ni ya pande tatu, na mchezaji hugeuka huku na huku wakati wote. Nukta zimefungwa kwenye kioo cha kompyuta, si kwenye mbao za meli. Basi ukigeuka zinabaki palepale huku ukuta ukipita nyuma yake, na picha nzima inameremeta hadi macho yanachoka. Pope alijaribu kuzibandika kwenye vitu vyenyewe, zikavurugika kwa umbali na kwa pembe. Mwishowe alizipanga kana kwamba zimechorwa ndani ya tufe kubwa linalomzunguka mtazamaji, ili mtu akigeuka nazo zihame pamoja na kile anachokitazama. Katika kumbukumbu za kazi alizokuwa akizichapisha hadharani, alisema tatizo hilo lilimla kama saa 100, na kwamba inashangaza kidogo kutumia muda wote huo kwa jambo ambalo mchezaji hatalitambua.

Kwa hiyo kujibana kwenye rangi hakukumpunguzia kazi, kulimwongezea. Mradi aliotarajia uwe mfupi ulichukua miaka minne na nusu, akiandika programu, kisa na muziki, na kuchora, yote mwenyewe. Na kuna aliyekuwa akilipa bili: Papers, Please, gemu yake ya 2013 kuhusu afisa wa mpakani, ambayo kufikia 2016 ilikuwa imeuza nakala milioni 1.8. Kabla ya hapo alikuwa Naughty Dog, kampuni kubwa ya gemu, akifanya kazi kwenye gemu za Uncharted. Tunamzungumzia fundi mzoefu mwenye akiba, si kijana aliyebanwa na njaa akagundua mtindo.

Kwenye suala la uhaba, ninaloliona limemwokoa kweli ni lile ambalo watu hawalitaji: matukio kuganda. Hakuna maiti anayetembea, hakuna mdomo wa kuoanisha na maneno. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake, kuondokewa na mzigo wa kuwapa mwendo watu 60 ni nafuu kubwa mno.

Sasa, wanaotetea zile rangi mbili wana hoja nzito, na kwa upande wa sanaa nipo nao. Picha inayokunyima undani inakulazimisha kuchungulia. Chukua mabaharia wanne wa Kichina, wa kupanda milingoti. Nyuso zao hazikusaidii. Lakini kuna tukio ambapo watu wamelala kwenye machela za kuning'inia zenye namba, na namba hizo zinalingana na orodha ya daftari. Aliyelala umeona kiatu chake tu. Unakikariri kiatu, unarudi kwenye tukio jingine na kukitafuta miguuni mwa mtu anayekimbia. Ukikipata unajisikia umefanya upelelezi halisi. Tuzo kuu ya Seumas McNally, ya gemu za kujitegemea, na tuzo ya Uingereza ya BAFTA ya ubunifu wa kisanaa, zote za 2019, hazikutolewa kwa kuonea huruma mtu mmoja.

(Ukishaimaliza, imekwisha, huwezi kusahau majibu kwa kutaka. Hilo nalisamehe.)

Nisilolisamehe kirahisi linatokana na sifa ileile ya picha kukunyima undani. Orodha inataja kila mtu na asili yake, nyuso hazisemi mengi, hivyo mchezaji anajikuta akipanga watu kwa lafudhi, kilemba na sura ya kitaifa. Watetezi wanasema ndivyo kampuni ya 1802 ilivyowatazama mabaharia wake, na mkaguzi wetu ni mtu wa kampuni. Nakubali nusu. Daftari linaweza kuwa la kampuni, lakini mazungumzo ni ya Pope. Ofisa wa Kiingereza namtambua kwa sababu wenzake wanamwita, anafoka, anamjibu nahodha. Baharia wa Kichina namtambua kwa kiatu. Mistari miwili mitatu ya maneno ingembadilisha, na haingehitaji kuchorwa hata nukta moja.