Kalenda ya ukutani bado inauza mbolea Mbeya

Kwenye semina za wajasiriamali huku Nyanda za Juu Kusini, ushauri kuhusu matangazo siku hizi unafanana: karatasi imekwisha, peleka hela mtandaoni. Wanaosema hivyo wana hoja za msingi. Tatizo ni kwamba wanaposema "karatasi" wanachanganya vitu visivyofanana kabisa. Gazeti, kipeperushi, bango, kalenda na mfuko wa khaki wenye jina la duka vyote hutoka kwa mchapaji, lakini kila kimoja kina kazi yake na umri wake. Gazeti likiyumba, kalenda inahukumiwa pamoja nalo.

Gazeti kweli linayumba. Magazeti makubwa ya nchi huchapwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya mjini, na mlima wa Kitonga wenye kona kali uko njiani. Mwananchi au Nipashe likifika mezani kwa muuzaji pale Kabwe, redio imeshasoma vichwa vyake na picha ya ukurasa wa mbele imeshazunguka WhatsApp. Mwenye duka la Mafinga anayetangaza humo analipia pia wasomaji wa Tanga na Mwanza ambao hawatakanyaga dukani kwake. Hata zabuni za serikali, zilizokuwa zikijaza kurasa, tangu 2023 ziko kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Kilichobaki imara ni matangazo yanayohitaji ushahidi: hati ya kiwanja iliyopotea, mirathi, mnada wa nyumba iliyowekwa dhamana, wito wa mahakama. Ukurasa wenye tarehe unakatwa na kuwekwa kwenye faili, na hakuna atakayeufuta kesho. Ila hiyo ni kazi ya mawakili na madalali wa mahakama. Muuza saruji haimhusu.

Mtandao nao tuupe haki yake. Tangazo la Facebook au Instagram unalianza kwa fedha kidogo, unachagua lionwe na watu wa Mbeya tu, bei ikipanda unalirekebisha, na jioni unajua wangapi wamelibofya. Kwa mchapaji, namba ya simu ikikosewa tarakimu moja imekosewa kwenye nakala zote elfu. Halafu pleti za kuchapia na maandalizi ya mashine yanalipiwa uchape nakala 50 au 5,000, kwa hiyo mwenye mtaji mdogo ndiye anayeumia zaidi kwa kila nakala. Mama aliyefungua bale la mtumba asubuhi pale Mwanjelwa anahitaji picha tatu kwenye status. Kumshauri achape vipeperushi ni kumtia hasara, maana vikitoka kwa mchapaji nguo nzuri zimeshakwenda.

Lakini mfikirie mwenye duka la pembejeo. Ingia kwa mkulima Igurusi, Mbozi au Isimani, utaikuta kalenda ya duka hilo: karatasi moja kubwa, juu picha ya mahindi yaliyobeba au ng'ombe wa maziwa, katikati miezi 12, chini jina la duka, mtaa na namba mbili za simu. Imepigiliwa msumari karibu na mlango, na imejaa kalamu. Siku ng'ombe alipopandishwa imezungushiwa duara, na miezi tisa mbele kuna duara jingine. Hapa marejesho ya kikoba, pale kliniki ya mtoto, pembeni deni la magunia mawili ya mtu aliyeandikwa kwa herufi moja tu ili wageni wasimjue. Kila anayetafuta tarehe, macho yake yanapita kwenye jina la duka, atake asitake.

Hapo ndipo hesabu za "kubofya" zinapoishiwa nguvu. Huku mvua za kupandia huanza Novemba au Desemba, na kalenda hugawiwa wakati huohuo mkulima akifuata DAP, mbolea ya kupandia. Atarudi kwa UREA ya kukuzia, kisha biashara kubwa kati yake na duka lile inalala mpaka msimu ujao. Chapisho la mtandaoni la Desemba, Oktoba nani atalichimbua? Kalenda bado iko ukutani. Tuseme kila nakala imemgharimu mwenye duka shilingi 2,000. Igawe kwa siku 365, unapata kama shilingi tano na nusu kwa siku, kwa nyumba nzima pamoja na wageni wake. Gharama hiyo hailipwi upya mwezi wa nne wala wa tisa, na bando la mkulima likiisha kalenda inaendelea kusomeka.

Utaniambia nyumba moja hupewa kalenda nne na hutundika moja. Kweli. Ndiyo maana ubora wake una thamani ya fedha. Inayopata msumari ni ile yenye tarakimu kubwa, sikukuu zilizoonyeshwa na nafasi ya kuandika. Ile ambayo nusu ya karatasi ni sura ya mkurugenzi inaishia kujalidia madaftari ya watoto (ingawa hata hapo, mkurugenzi anakwenda shule kila siku).

Kuna jambo jingine ambalo watu wa masoko hulipita haraka. Mkulima wa huku anaogopa mbegu feki na mbolea iliyochakachuliwa. Duka lililochapa mtaa wake na namba yake kwa mwaka mzima limempa mahali pa kwenda kugombana. Ukurasa wa mtandaoni unabadilishwa jina usiku mmoja, kalenda 1,000 zilizo majumbani hazirudishwi. Kule kutorekebishika tulikokuita udhaifu, hapa kunamfunga muuzaji kwa mteja, na mteja analijua hilo bila kufundishwa. Bei zisichapwe kabisa, maana za mbolea hubadilika, hasa tangu ruzuku irudi msimu wa 2022/23. Zibaki WhatsApp.

Mfuko wa khaki unastahili neno. Baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mfuko wa karatasi ulipata nafasi kubwa, japo ile inayoitwa mifuko mbadala imechukua sehemu nzuri ya soko. Kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilichoanza 1985 kama Southern Paper Mills, hutengeneza karatasi za aina hiyo, wakati karatasi nyeupe ya kung'aa ya kalenda huagizwa nje. Wenye mtaji mdogo hununua mifuko mitupu na kuigonga muhuri wa jina la duka kwa mkono. Ni uchapaji wa bei ya chini kuliko wote, na unatembea mtaani.

Vipeperushi sivitetei sana. Nenda viwanja vya John Mwakangale wakati wa Nanenane, saa kumi jioni, uone vilivyo chini ya miguu. Vinavyofika nyumbani ni vile vyenye maelekezo: kipimo cha dawa kwa bomba la lita 20, nafasi ya shimo hadi shimo. Mabango nayo yana ada ya halmashauri inayokwenda kwa ukubwa, na yale ya waganga kwenye nguzo za umeme yamebandikwa juu ya mengine hadi hayasomeki.

Kwa hiyo mwenye duka la Uyole mwenye fedha ya kutosha kwa jambo moja tu la kudumu, ningemwambia achape kalenda, na bei za wiki aziweke WhatsApp bure. Aagize Septemba au Oktoba, kwa sababu mwishoni mwa mwaka wachapaji wamejaa kazi za makanisa, shule na benki, na kalenda inayofika Februari inakuta ukuta umeshachukuliwa. Kabla mashine haijawashwa, apige mwenyewe kila namba iliyo kwenye nakala ya majaribio. Moja ya namba hizo iwe laini mpya isiyoandikwa popote pengine. Simu zitakazoingia kwenye laini hiyo azihesabu hadi Septemba inayofuata, ndipo aamue kama aagize nyingine.