Diklofenaki za magoti na presha isiyotaka kushuka

Mama mkubwa ana presha miaka mingi, anameza enalapril pamoja na ile dawa ya kukojoa na alikuwa amekaa vizuri tu, namba ya juu kwenye 130 hivi. Mwaka jana magoti yakaanza kumsumbua, akawa anatuma mtoto duka la dawa anakatiwa diklofenaki kumi kumi, mbili kwa siku, ikafika mwezi na kitu. Kwenda kupima, 168! Kliniki wakamuongezea dozi ya presha na hakuna aliyemuuliza mama unameza nini kingine.

Iko hivi, diklofenaki, ibuprofen, indomethacin na ndugu zao zinazuia kemikali inayoleta uvimbe na maumivu, ila kemikali hiyohiyo figo inaihitaji ili mishipa yake ibaki wazi na chumvi itoke, sasa ukiizuia chumvi inabaki, maji yanabaki, miguu inajaa na presha inapanda. Halafu zinazipunguzia nguvu dawa za presha kama enalapril, losartan na zile za kukojoa (amlodipine, nayo ya presha, haiguswi sana), na ukimeza enalapril, ya kukojoa na diklofenaki kwa pamoja figo yenyewe inaweza kufeli. Mama mkubwa alikuwa nazo zote tatu.

Wapo wanaosema tunatishana bure, na kuna mahali wana pointi. Utafiti mmoja wa 2017 kwa wagonjwa wa viungo ulikuta ibuprofen inapandisha namba ya juu kwa wastani usiofika hata 4, na celecoxib, ndugu yao mwingine, haikupandisha, kwa hiyo sio zote sawa. Kijana mzima akimeza brufen siku mbili kwa ajili ya jino hana shida, na maumivu yenyewe pia yanapandisha presha. Hata panadol tunayoikimbilia, Scotland mwaka 2022 walikuta vidonge 8 kila siku kwa wiki mbili vinaongeza kama 5 kwa watu wenye presha.

Mimi bado naona hiyo 4 ni wastani tu, kuna ambao haiwagusi na kuna ambao inawapiga vibaya, na huwezi kujua wewe ni yupi bila kupima. Sisemi zipigwe marufuku jamani, mtu asiyeweza kuinuka kitandani utamwambia nini? Ila muuza dawa kuuliza "una presha?" kunachukua sekunde mbili, na daktari kabla hajaongeza dozi aulize za maumivu.

Mama mkubwa sasa anapaka jeli ya diklofenaki maana inayoingia kwenye damu ni kidogo, na wiki tatu baadaye alisoma 138. Siku magoti yakizidi anameza panadol mbili usiku na anaziandika kwenye daftari lake la kliniki.