Majoho tumeyahesabu, tope je?

Msimu wa mahafali ukikaribia, kundi letu la WhatsApp la wahitimu wa uhandisi wa petroli hujaa taarifa ileile: idara imeongeza wahitimu, hati ya makubaliano imesainiwa, jengo jipya limepauliwa. Watu wanamwaga makofi na vijimoto. Mwaka huu vidole vyangu vimegoma.

Niliingia chuo 2013. Pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola 100, gesi ya bahari kuu haikosekani kwenye taarifa ya habari, na mjomba akinitambulisha kwa wageni kama "mtu wa gesi". Nilipovaa joho 2017 bei ilikuwa imeporomoka karibu nusu, na mradi wa kuchakata gesi wa Lindi ulikuwa bado mezani. Tukatawanyika. Kuna aliyeishia benki, kuna wanaofundisha hesabu sekondari, mimi nikaangukia kwenye visima vya maji. Bei siilaumu, haina ndugu.

Kinachonikera ni mizani. Maabara yetu ilikuwa na mizani moja tu ya kupimia uzito wa tope la kuchorongea, yaani la kutobolea visima. Tope hilo ndilo linalokikalia kisima: likiwa jepesi, gesi inalisukuma juu na watu wanakufa, likizidi uzito, linapasua mwamba na kupotelea humo. Kabla ya kulipima, unajaza maji safi kwenye kikombe cha mizani, na lazima isome 8.33, pauni kwa galoni. Namba hiyo naijua kama ya simu ya mama. Mizani yenyewe niliigusa mara moja, tukiwa kumi na wawili tumeizunguka, na aliyekabidhiwa aishike ni mwenye GPA kubwa. Wiki nane za mafunzo kwa vitendo nilizimalizia stoo, nikihesabu valvu na kufuata chai. Bentonaiti, udongo wa kutengenezea tope hilo, nilikuja kuichanganya kwa mikono yangu kazini, nikifundishwa na mzee wa darasa la saba aliyekuwa akilivuta tope katikati ya vidole viwili kisha anasema, "Ongeza nusu mfuko, injinia." Hilo "injinia" alilitamka kwa upole, lakini lilichoma.

Kwa hiyo taarifa ya mwaka ya idara ningependa itaje siku. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu amesimama siku ngapi kisimani? Wangapi wameshika mizani wenyewe? Kama vifaa vinatosha watu ishirini, wachukuliwe ishirini, na nambari kwenye taarifa ishuke bila aibu.

Wapo wanaosema kozi zifungwe kabisa, kwa kuwa Lindi imechelewa. Hapo nawapinga. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikafika Ubungo 2004. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar likazinduliwa 2015. Kazi hii haijawahi kwenda na kalenda ya mtu mwenye haraka. Halafu anayejua kuchoronga hategemei gesi peke yake: Rukwa wamechoronga kutafuta heliamu, Olkaria, Kenya, wanavuna jotoardhi miaka nenda rudi. Ila huko kote utaulizwa kama umewahi kushika tope.

Mpwa wangu amechaguliwa kozi hiyohiyo, chuo kingine. Alinipigia kuomba ushauri, nikamwambia akishajisajili asikimbilie kufuatilia bumu, apite kwanza maabara aulize mara ya mwisho tope lilichanganywa lini. Jioni akanitumia picha. Wana mizani nne, zote mpya kabisa. Ziko kabatini, bado zimo kwenye nailoni zake, na funguo, anasema, anayo mtu aliye likizo.