Chanjo ya DNA ya kumeza: hoja ya tindikali haitoshi

Wanaoikataa chanjo ya DNA ya kumeza, yaani ile inayozipa seli zetu maelekezo ya kutengeneza protini ya kimelea ili kinga iitambue, husema DNA haifiki mbali: tindikali ya tumbo na vimeng'enya huimaliza njiani. Huongeza kwamba utumbo umezoea kuvumilia vitu vigeni, la sivyo kila mlo ungetuumiza. Ni kweli kwa DNA tupu, lakini hiyo siyo inayotegemewa.

Mwaka 1997 watafiti wa Ujerumani waliwalisha panya Salmonela waliodhoofishwa, wakiwa wamebeba plazimidi, yaani duara dogo la DNA lenye maelekezo hayo. Bakteria hao hupenya kupitia seli za M, ambazo ni milango midogo juu ya mabaka ya Peyer (vituo vya kinga katika ukuta wa utumbo mwembamba), na kumezwa na seli za kinga zilizo chini yake. Humo hufa na kuachia DNA, na seli ya mwenyeji huanza kutengeneza protini ya kimelea na kuionyesha kwa seli T, seli za kinga zinazotambua kimelea. Seli B, zinazotengeneza kingamwili, zikishaamshwa hapo huzunguka kupitia limfu na damu, kisha hurudi utumboni kumwaga kwenye ute IgA, aina ya kingamwili inayolinda hapo. Na ule uvumilivu? Utumbo hauvumilii Salmonela anayepenya ukuta wake. Bakteria mwenyewe ndiye king'ora.

Kwa nini tuhangaikie ute? Tazama Israel. Tangu 2005 ilitegemea chanjo ya polio ya sindano pekee. Mwaka 2013 virusi vya polio vikaonekana kwenye maji taka, tena kwa miezi. Hakuna mtoto aliyepooza, maana kinga ya damuni ilifanya kazi. Lakini virusi viliendelea kuzaana matumboni mwa watoto waliokamilisha sindano zote, vikiambukiza wengine kimyakimya, hadi Agosti serikali ikarudisha chanjo ya matone ya kumeza. Matone hayo si DNA, ila mlango ni uleule, na sindano haikuufunga.

Pingamizi linaloninyima usingizi ni jingine. Chanjo ya rota, kirusi kinachoharisha watoto, nayo ya kumeza, ilizuia takriban asilimia 39 tu ya kuhara kukali kunakosababishwa na rota katika majaribio ya Ghana, Kenya na Mali, wakati Ulaya na Marekani ilipita 90. Utumbo uliovimba kwa maambukizi ya mara kwa mara unatajwa miongoni mwa sababu. Kwa watu, DNA ya kumeza imejaribiwa kwa uchache, mfano kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho Ujerumani, ambako seli T ziliitika. Kwa magonjwa ya kuhara, majaribio ya mwanzo yafanyike Siaya, Kenya, ambako ile ya rota ilipimwa, kabla dozi haijapangwa kwa matumbo ya Ulaya.