Junjo alirudi mapema mno

Februari 1974 kampuni ya Toei ya Japani iliachia The Street Fighter, Sonny Chiba akiwa stelingi. Aprili mwaka huohuo, miezi mitatu haijatimia, Return of the Street Fighter ikaingia kumbini. Mwongozaji yuleyule, Shigehiro Ozawa, na muuaji wa kukodiwa yuleyule, Tsurugi. Wapenzi wengi wa filamu za ngumi huiona sehemu hii ya pili imepwaya. Nami naiona hivyo, ila lawama inayosikika zaidi ndiyo nyepesi kuliko zote.

Lawama hiyo ni marudio: filamu isiyofika hata dakika 90, halafu inachota vipande kutoka ile ya kwanza. Kwa anayezitazama zote mbili usiku mmoja, inachosha kweli. Lakini mtazamaji wa 1974 hakuwa na deki nyumbani. Filamu ikishatoka kumbini ilikuwa imempita. Na Toei walikuwa mbioni. Enter the Dragon ya Bruce Lee ilikuwa imefika Japani Desemba 1973 na kuwasha moto wa karate, kwa hiyo kungoja mwaka mzima kungewatia hasara. Marudio hayo nayasamehe.

Nisilolisamehe ni walivyomfanya Tsurugi. Katika filamu ya kwanza anamtorosha Junjo aliyehukumiwa kunyongwa. Ndugu zake Junjo, waliomkodi, wanashindwa kulipa. Wa kiume anapoteza maisha, wa kike Tsurugi anamuuza kwenye ukahaba. Unamtazama ukimchukia, na bado huwezi kugeuza macho. Nguvu ya filamu iko hapo, kuliko hata kwenye damu.

Sehemu ya pili inamtumia kunyamazisha mashahidi, kisha anaamriwa amuue Masaoka, mwalimu wa karate anayemheshimu. Anagoma. Tangu hapo anapambana na wezi wa michango ya kujenga kituo cha karate, na ghafla tunatakiwa tumshangilie kama stelingi mwingine yeyote.

Watetezi wana hoja: hata muuaji ana mpaka wake, na kugoma kule kunaonyesha upande wake ambao hatukuuona. Masaoka mwenyewe anaigizwa na Masafumi Suzuki, mwalimu wa karate wa kweli, na akisimama tu unaona uzito wake. Lipo pia lile pigo la kisogoni linalomtoa mtu macho, wazimu ambao hata filamu ya kwanza haikuufikia. Hayo yote nayakubali.

Ila yumo Junjo. Masashi Ishibashi, anayemwigiza, anarudi na kifaa cha kumsaidia kusema, kwa sababu Tsurugi alimng'oa koromeo katika filamu ya kwanza. Mtu aliyepotezewa sauti, ndugu na dada ana haki ya kuchukia kuliko mhusika mwingine yeyote katika hadithi hii. Kisasi chake kilistahili filamu nzima, na waandishi wakakibana pembeni ya kesi ya fedha za michango.